Binti wa miaka 7 anaanza shule Japani mwezi Aprili: tumzoeshe nini kabla ya safari?

MamaKigamboni (mwanzisha mada)

Habari za jioni wanajukwaa. Baba watoto amepata nafasi ya shahada ya uzamili Nagoya, na familia nzima tunaondoka mwishoni mwa Machi. Binti yetu ametimiza miaka 7 mwezi Novemba, amemaliza darasa la kwanza hapa Dar, na kule ataingia shule ya msingi ya serikali. Kijapani hajui hata neno. Tuna miezi minne.

Kila ninapotafuta namna ya kumjulisha mtoto habari za Japani naletewa kimono, samurai na maua ya sakura. Vizuri, ila ninachotaka ni siku ya kawaida ya mtoto wa kule tangu anapoamka: mguuni anavaa nini, anakula nini, anamwitikiaje mwalimu, shuleni anafikaje. Ataingia darasa gani? Lugha aanzie wapi? Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula cha shule nacho kinanipa mawazo. Na kipi ninunue huku, kipi kule? Wenye uelewa naomba mniandikie kwa undani, hata yale yanayoonekana madogo.

---

Makaratasi_Kwanza

Dada, tuanze na darasa. Japani mwaka wa shule unaanza Aprili na kwisha Machi, na mtoto hupangwa kwa umri, si kwa alichokwisha kusoma. Aliyetimiza miaka 6 kufikia tarehe 1 Aprili anaingia la kwanza, aliyetimiza 7 anaingia la pili. Binti yako ni wa la pili. Maana yake wenzake atawakuta wameshamaliza hiragana na katakana (seti mbili za herufi za silabi) na kanji 80 za mwaka wa kwanza, yaani zile alama za maana zenye asili ya Kichina. Kwa kawaida mtoto harudishwi nyuma kwa sababu ya lugha.

Sheria ya kule haimlazimishi mtoto wa kigeni kwenda shule, ila mkiomba anapokelewa, na masomo pamoja na vitabu vya kiada ni bure. Lishikeni hilo neno "mkiomba". Msikae nyumbani mkingoja barua. Ndani ya siku 14 tangu mhamie kwenye nyumba yenu mnatakiwa kwenda kuandikisha makazi kwenye ofisi ya wilaya ya jiji, inaitwa kuyakusho. Siku hiyohiyo, kabla hamjatoka kwenye jengo, semeni mna mtoto wa kuandikishwa shule. Mtajaza fomu, mtapewa karatasi ya shule aliyopangiwa, kisha mtakwenda nayo shuleni. Shule inatokana na anwani, kwa hiyo msichague shule kabla ya kupata nyumba.

Bebeni cheti cha kuzaliwa, ripoti ya darasa la kwanza na kadi ya kliniki. Hiyo kadi ndiyo husahaulika zaidi: fomu ya afya ya shule inauliza tarehe ya kila chanjo. Andikeni kabisa orodha ya chanjo na tarehe zake kwenye karatasi moja safi, itafsiriwe.

Mkikutana na shule, ulizeni kama kuna mwalimu anayewatoa watoto wa kigeni darasani kwa vipindi vya Kijapani, watoto wa mtaa wenu wanakutana wapi asubuhi, na muombe orodha ya vifaa. Muhula unaanza wiki ya kwanza au ya pili ya Aprili, hivyo binti anaweza kuchelewa siku chache. Haidhuru.

---

Tatami_na_Mkeka

Miezi minne inatosha kama mtaitumia kumzoesha mwili. Maneno atayapata darasani. Kinachomfanya mtoto ajione mgeni siku ya kwanza si kutoelewa maneno. Ni pale anapoona watoto 30 wanafanya kitu kwa pamoja na yeye mikono haijui iende wapi.

Anzeni na mlango. Nyumba ya Kijapani ina sehemu ya chini mlangoni, genkan, kisha kingazi kimoja cha kupandia, halafu sakafu ya ndani. Sisi nasi tunavua viatu mlangoni, kwa hiyo kuvua si jambo geni kwake. Kigeni ni mpaka. Mtoto wa kwetu huvua viatu popote karibu na mlango, anakanyaga chini kwa mguu mtupu, kisha anaingia. Kule hilo ndilo kosa lenyewe, maana sakafu ya genkan ni chafu kama barabara, na soksi iliyoikanyaga haitakiwi kupanda juu. Bandikeni utepe sakafuni hapo mlangoni. Nje ya utepe ni viatu tu, ndani ya utepe ni soksi tu. Asimame na viatu, atoe mguu wa kwanza na kuupeleka moja kwa moja ndani ya utepe, kisha wa pili vivyo hivyo. Halafu ageuke, achuchumae, avigeuze viatu vyake vielekee nje na kuvisogeza pembeni. Afanye hivyo kila anaporudi, kwa wiki tatu, mpaka mguu wenyewe ukatae kukanyaga upande usio wake. Kwenye chumba cha mikeka ya tatami hata ndala za ndani huvuliwa.

Viatu viwe vya kubandika au vya kuchomeka mguu, visiwe vya kamba. Shuleni ana viatu vyeupe vya ndani, uwabaki, na vya nje vinakaa kwenye kabati la mlangoni. Hesabu mwenyewe: anafika, anabadili; mapumziko, anatoka na kurudi; baada ya chakula, anatoka na kurudi; kwenda nyumbani tena. Mwenye kamba anabaki peke yake mlangoni wenzake wakicheza. Na azoee soksi kutwa nzima, maana mtoto aliyekulia kwenye kandambili huzivuavua.

Pili, salamu. Hapa Mswahili ana mtaji mkubwa, kwa sababu salamu za nyumbani za Kijapani ni za kujibizana kama hodi na karibu. Anayetoka anasema *ittekimasu*, anayebaki anaitikia *itterasshai*. Anayerudi anasema *tadaima*, aliyeko ndani anaitikia *okaeri*. Mfundisheni kama mlivyomfundisha shikamoo na marahaba: kila mmoja ana upande wake, na kurudisha neno lilelile ni kama kuitikia shikamoo kwa shikamoo. Kabla ya kula ni *itadakimasu*, baada ya kula *gochisoosama*. Darasani hakuna anayegusa chakula kabla ya wote kusema la kwanza kwa pamoja.

Tatu, mkono wa kushoto. Sisi tunawakanya watoto wasile wala kupokea kwa kushoto. Kule bakuli la wali hushikwa kwa mkono wa kushoto na kunyanyuliwa karibu na kifua, vijiti vikiwa kulia. Kuliacha bakuli mezani na kuliinamia ndiko kunakoonekana utovu wa adabu. Mwelezeni mapema kwamba kulia bado ndio unaokula, kushoto unabeba. Mezani wali hukaa kushoto, supu kulia. Supu hunywewa kwenye bakuli lenyewe.

Bafu: mtu anajisugua na kujisuuza kabisa nje ya beseni, ndipo anaingia kujiloweka, na maji yale hutumiwa na nyumba nzima. Asichomoe kizibo akitoka.

---

Sauti_Tano

Naongezea upande wa lugha, maana hapa mtoto wa Kiswahili anaanza akiwa mbele ya wengi. Irabu za Kijapani ni tano, a i u e o, na zinakaribiana mno na zetu. Silabi nazo ni konsonanti na irabu, kama ka, mi, so. Hata ile *n* inayosimama peke yake mwishoni mwa *obasan* haitampa shida mtu anayetamka *nchi* na *mtu* kila siku.

Tatizo letu ni urefu wa sauti. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, na tabia hiyo tunaibeba kwenye Kijapani bila kujua: *arigatoo* (ahsante) inatoka "arigaato", ga imevutwa na o ya mwisho imekatwa. Kijapani kinahesabu kila pigo. *Obasan* ni shangazi au mama wa makamo, *obaasan* ni bibi. *Kite* ni njoo, *kitte* ni stempu. (Hapa nimeandika irabu ndefu kwa herufi mbili ili zisomeke kama *saa* na *kuu*.) Dawa yake ni kupiga makofi: o-ba-sa-n makofi manne, o-ba-a-sa-n matano, ki-te mawili, ki-t-te matatu, na kofi la katikati linapigwa kimya, pumzi imezuiwa. Dakika tano kila jioni zinatosha.

Maandishi: hiragana zote 46 kwanza, asome na aandike. Herufi tatu kwa siku, siku tano kwa wiki, siku mbili za kurudia. Kwa mwendo huo atazimaliza zote katika wiki ya nne, na miezi inayobaki ni ya kuandika maneno na kusoma katakana. Zinazochanganya ni ぬ na め, ね na れ na わ, さ na ち. Msizifundishe siku moja. Kosa lingine linatoka kwenye simu. Kwenye skrini nyingi き na さ zinaonekana zimeungana chini, lakini shuleni き huandikwa kwa mikato minne na さ kwa mitatu, na sehemu ya chini imeachana na ya juu. Tafuteni mwandiko wa vitabu vya shule, unaitwa *kyookasho-tai*, ndio mchape. Mwalimu wa kule anaangalia pia mwisho wa kila mkato: unasimama, unaruka au unafagia. Mtoto aliyezoea kuandika harakaharaka ataletewa daftari lenye wino mwekundu, na hilo humvunja moyo asipoelezwa mapema kwamba wenzake nao wanasahihishwa hivyohivyo.

Kanji 80 msizikimbilie. Kanji zinazomsaidia mara moja ni za namba moja hadi kumi, za siku za wiki, na majina ya vipindi kwenye ratiba ili ajue atoe kitabu gani: 国語 Kijapani, 算数 hisabati, 音楽 muziki, 体育 michezo. Katika darasa la pili ndipo wanapokariri jedwali la kuzidisha, na jina lake ni *kuku*. Hilo hatalisahau. Akiwa ameshalijua kwa Kiswahili kabla ya kuondoka, hisabati itakuwa somo analoliweza siku za mwanzo, na mtoto asiyejua lugha anahitaji walau somo moja la namna hiyo.

Jina. Litaandikwa kwa katakana, na mnachagua nyinyi namna ya kuliandika. Rehema ni レヘマ, haina shida. Neema inaweza kuwa ネエマ au ネーマ. L inakuwa R, na Mwana- inakuwa ムワナ. Chagueni umbo moja, mliandike kwenye karatasi, mlitumie kila mahali bila kulibadili. Kuna mtego mwingine: majina yetu matatu. Jina la mwisho kwenye pasi litachukuliwa kuwa la ukoo, na shuleni watoto wengi huitwa kwa ukoo pamoja na -san, kiambishi cha heshima. Binti anaweza kuitwa kwa jina la babu yake akakaa kimya, mwalimu akadhani hasikii. Iambieni shule aitwe lipi, na nyumbani mmwite hivyo, na -san yake, mpaka azoee. Yeye mwenyewe asijitaje kwa -san.

Sentensi za "jina langu ni fulani" atazitumia siku moja. Za kila siku ni hizi: *irete* (nami nicheze), jibu lake *ii yo*, *kashite* (niazime), *yamete* (acha), *gomen ne* (samahani), *wakarimasen* (sielewi), *onaka ga itai desu* (tumbo linaniuma), *toire ni itte mo ii desu ka* (naomba kwenda chooni). Hiyo ya mwisho aijue hata akiwa usingizini.

Kisha janken, yaani jiwe, mkasi, karatasi. "Saisho wa guu, janken pon!" Kwenye *guu* wote wanatoa ngumi, kwenye *pon* kila mtu anatoa chake, mkilingana ni "aiko desho" na mnarudia. Kule janken inaamua nani aanze, nani awe wa mwisho, na nani achukue pudini iliyobaki kwa sababu mwenzao anaumwa na hakuja. Mtoto anayeijua ana njia ya kuingia kwenye mchezo wowote.

Nyumbani endeleeni na Kiswahili. Akinyamaza shuleni miezi ya mwanzo msishtuke, watoto wengi hupitia kipindi cha kusikiliza tu.

---

MamaKigamboni

Ahsanteni sana, tayari nimebandika utepe mlangoni! Bado chakula, na naona aibu kidogo kuuliza lakini nauliza: choo. Amezoea maji.

---

Jiko_la_Halali

Hakuna aibu hapo mama, hilo ni swali la kwanza kabisa la kuuliza.

Chakula cha mchana cha shule kinaitwa *kyuushoku* na watoto hula darasani. Kila wiki kundi moja lina zamu: wanavaa joho jeupe, kofia na barakoa, wanaleta masufuria, wanawapakulia wenzao. Ijumaa aliyemaliza zamu anapeleka joho nyumbani, linafuliwa, linapigwa pasi, linarudi Jumatatu kwa wa zamu inayofuata. Likisahaulika, mwenzake hana la kuvaa.

Nguruwe ni *butaniku*, na herufi ya kuikariri ni 豚. Inaonekana wazi kwenye hemu na soseji, lakini imejificha pia kwenye rojo la kari, kwenye kiungo cha supu na kwenye mafuta ya kukaangia. Jelatini iko kwenye vitamutamu. Mirini na sake ya kupikia, ambazo ni pombe za mchele, hutiwa kwenye samaki na mboga zinazochemshwa, kwa hiyo "leo ni samaki" haitoshi kuwa jibu. Kila mwezi shule hutuma menyu, *kondatehyoo*, kabla ya mwezi kuanza. Ombeni ile yenye orodha kamili ya viambato, ile wanayopewa wazazi wa watoto wenye mzio. Kaeni na kalamu nyekundu, weka alama kwenye kila chakula kisichofaa, na siku hizo apeleke chake. Siku nyingine inabidi apeleke cha upande mmoja tu, wali na maziwa akachukua vya shule.

Chakula cha kutoka nyumbani, *bentoo*, kipozeni kabisa kabla ya kufunika. Wali wa moto ukifunikwa unatoa mvuke, maji yanashuka, na kufika saa sita mchana wa Juni umeanza kuchacha. Wakati wa joto wekeni kifuko cha barafu juu ya kifuniko, si chini, kwa sababu baridi hushuka. Kifanane kadiri inavyowezekana na menyu ya siku: wenzake wakila kuku wa mchuzi, naye ale kuku wa mchuzi. Watoto wa miaka 7 huona tofauti mara moja. Na asiondolewe kwenye zamu ya kupakua kwa sababu anakula chake. Waambieni walimu mapema kwamba anaweza kuwapakulia wenzake vyakula vingine.

Sasa ulimi. Wali wa kule hauna chumvi, mafuta wala nazi, na unashikana. Mpikieni wali mtupu mara mbili kwa wiki, maji yazidi kidogo kuliko kawaida yenu, ale na mboga pembeni bila kumwagia mchuzi juu. Maziwa ni mililita 200, ya baridi. Mtoto aliyezoea maziwa ya moto kwenye chai anaweza kuumwa tumbo wiki ya kwanza. Anzeni na robo kikombe cha baridi, mpandishe polepole. Yakimkataa kabisa, shule nyingi humwondolea kwa barua ya daktari.

Choo. Nyumbani mara nyingi mtakuta cha kukaa chenye bomba la kurusha maji, na kikiwepo hapo hana neno. Shuleni hali hutofautiana: kuna vya kukaa visivyo na bomba, na shule za zamani bado zina vya kuchuchumaa. Hivyo vya kuchuchumaa vina kikingio kilichoinuka upande mmoja, na mtu huchuchumaa akikitazama hicho kikingio, hata kama ni kuupa mlango mgongo. Mtoto wa kwetu hugeukia mlango, anachafua sakafu, analia. Mchoreeni picha. Karatasi inatupwa ndani ya choo na kuvutwa na maji, haiwekwi kwenye ndoo. Kwa maji, mnunulieni kichupa cha kubinya kinachoingia kwenye kifuko kidogo, na afanye mazoezi ya kutumia maji kidogo kisha kujikausha kwa karatasi. Sakafu za vyoo vingi kule hukaa kavu, na maji yakimwagika yanateleza. Ndala za chooni zinabaki chooni. Kutoka nazo ukumbini ni kosa ambalo kila mgeni hulifanya mara moja.

Mfukoni awe na kitambaa cha mikono kila siku. Usitegemee taulo kwenye masinki ya shule.

---

Begi_Mgongoni

Vifaa kwa kifupi: huku nunueni kidogo mno. Bebeni vitabu vya hadithi vya Kiswahili na vya hisabati, hivyo ndivyo hamtavipata. Vilivyobaki vina vipimo na aina zake, na maduka ya yen 100 yanavyo karibu vyote. Penseli ziwe 2B au B, si HB, kwa sababu herufi zinahitaji mkato mzito na laini. Tano zilizochongwa nyumbani usiku. Penseli za kubonyeza haziruhusiwi katika shule nyingi za msingi. Kibao chembamba cha plastiki cha kuweka chini ya ukurasa, *shitajiki*, kinatumika kila siku.

Begi gumu la mgongoni, *randoseru*, likiwa jipya huuzwa kwa makumi elfu ya yen, mara nyingi 30,000 hadi 70,000 na zaidi. Ni desturi, si sheria. Limetengenezwa kudumu miaka sita, na darasa la sita wanahitimu mwezi Machi, wiki zilezile mnazofika nyinyi. Ulizeni shuleni, kwa majirani na kwenye chama cha wanafunzi wa kigeni cha chuo cha baba, mtapata lililotumika. Hereni: shule nyingi hazitaki mapambo, na mtoto mwenye masikio yaliyotobolewa huulizwa. Semeni mapema ni mila.

Kila kitu kinaandikwa jina. Kila kitu! Penseli moja moja, soksi za michezo, vijiti vya kuhesabia vidogo kama njiti za kiberiti. Lebo za jina kwa katakana agizeni wiki ya kwanza.

Mtaombwa matambara mawili ya kudekia, *zookin*. Usafi ni dakika 15 hadi 20 kila siku na watoto wenyewe ndio wafanyaji. Binti yako amezoea kufagia shule, kwa hiyo moyo anao, mfundisheni kukamua. Tambara likunjwe liwe refu, alishike wima mbele yake kama anavyoshika mchi, mkono mmoja mbele ya mwingine, kisha viganja vizunguke kwa ndani huku viwiko vikinyooka. Akikamua kwa kulilaza, kama tunavyokamua nguo, nguvu ya mtoto haitoshi, linabaki linachuruzika na sakafu ya mbao inaachwa na madoa. Halafu alitandaze sakafuni, aweke viganja vyote viwili juu yake, ainue kiuno, akimbie akilisukuma mpaka ukutani.

Kwenda shule ni kwa miguu. Sehemu nyingi watoto hukutana mahali palepale dakika ileile na kwenda kwa mstari, wakubwa wakitangulia. Akichelewa yeye, wamechelewa wote. Magari kule yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo tabia ya kutazama kulia kwanza aibebe kama ilivyo. Aongeze kunyoosha mkono juu anapovuka. Jioni vipaza sauti vya mtaa hupiga wimbo, mara nyingi saa kumi na moja, na watoto wakiusikia hurudi nyumbani.

Tetemeko. Eneo la Nagoya linajiandaa kwa tetemeko kubwa la Nankai, ufa wa chini ya bahari kusini mwa Japani, na mazoezi shuleni ni ya mara kwa mara, hasa tarehe 1 Septemba, siku ya kukumbuka tetemeko la Kanto la mwaka 1923. Mchezeni nyumbani sasa ili kengele ya kwanza isimtishe: "jishin!" (tetemeko!), anaingia chini ya meza, magoti chini, anashika miguu ya meza kwa mikono yote miwili. Kushika ni lazima kwa sababu meza hutembea ikamwacha wazi. Kisha mkariri *o-ka-shi-mo*, silabi za mwanzo za makatazo manne: usisukume, usikimbie, usiongee, usirudi nyuma.

Kwa kufundishia haya yote kuna kifaa cha Kijapani chenyewe, *kamishibai*, hadithi za picha kwenye makaratasi. Chora siku yake kwenye karatasi nane ngumu, tangu *ohayoo* (salamu ya asubuhi) mpaka *oyasumi* (usiku mwema). Wengi wanakosea maandishi: maneno ya picha ya 1 huandikwa nyuma ya karatasi ya 8, ya picha ya 2 nyuma ya karatasi ya 1, na kuendelea hivyo. Msimuliaji yuko nyuma ya kifurushi, anaona mgongo wa karatasi ya mwisho; akimaliza picha ya 1 anaichomoa na kuirudisha nyuma ya zote, na mgongo wake sasa unamwonyesha maneno ya picha ya 2. Ukiandika kila picha na maneno yake mgongoni, utakuwa unasoma kitu kingine na mtoto anatazama kingine.

---

MamaKigamboni

Mungu awabariki. La mwisho: vijiti. Nimeona vile vyenye vipete vya vidole, nivinunue?

---

Tatami_na_Mkeka

Ningekushauri uviache. Vipete vinamfanya anyanyue chakula siku ya kwanza, lakini vimeunganishwa juu, kwa hiyo kidole cha pete hakijifunzi kubeba kijiti cha chini. Akipewa vya kawaida anaanza upya.

Pima kwanza. Afungue kidole gumba na cha shahada viwe kama pembe ya mraba, pima kutoka ncha hadi ncha, ongeza nusu yake. Sentimita 12 inatoa vijiti vya sentimita 18. Vya watu wazima vinamzidi na kupishana kwenye ncha. Viwe vya mbao, maana vya plastiki vinateleza.

Siku mbili tatu ashike kijiti kimoja tu, cha juu, kama penseli, akichezeshe juu na chini kwa kidole cha shahada na cha kati. Kisha ingiza cha chini: kinalala kwenye bonde kati ya gumba na shahada na kuegemea kidole cha pete, na hakisogei kabisa. Kosa la wote ni kusogeza vyote viwili kama mkasi. Ukiona hivyo, shika wewe kile cha chini kwa vidole vyako huku akichezesha cha juu. Aanze na vipande vya sponji vya sentimita mbili, aende kwenye maharage yaliyochemshwa, amalizie na karanga, akihamisha kumi kutoka bakuli hadi bakuli.

Mambo mawili asiyafanye hata kwa mchezo: kuvisimamisha kwenye wali, kwa sababu hivyo ndivyo wali unavyowekwa mbele ya maiti, na kupokezana chakula kijiti kwa kijiti, kwa sababu hivyo ndivyo ndugu wanavyookota mifupa baada ya kuchoma maiti. Mwelezeni sababu yenyewe, anaielewa, na hatarudia.

Shule nyingine zinatoa vijiti, nyingine kila mtoto huja na vyake kwenye kiboksi. Ikiwa ni vyake, andikeni jina kwenye kijiti cha kwanza, cha pili, kiboksi na kifuniko.